Simu Inapohama Mnara

Treni ya reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma hufikia kilomita 160 kwa saa, yaani takriban mita 44 kila sekunde. Ukiongea na mama nyumbani ukiwa ndani yake, mnara mmoja hauwezi kukuhudumia safari nzima.

Wakati wa maongezi, simu yako hupima mawimbi ya minara jirani na kuupa taarifa mnara unaokuhudumia. Mnara wa mbele ukizidi kwa nguvu, tena kwa muda uliopangwa, mtandao huamuru uhamie huko. Bila sharti hilo la muda, simu ingerukaruka kati ya minara miwili na sauti ingekatakata. Kwenye 4G uhamisho huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, sikio halishtuki.

Ugumu huja mnara wa mbele ukiwa umejaa. Mitandao inaweza kutenga nafasi kwa ajili ya wanaohamia, kwa sababu kumkatia mtu maneno katikati ni kubaya kuliko kumsubirisha anayeanza kupiga. Kwangu mimi, huo ni uamuzi wa kiutu. Sauti nayo hutangulizwa mbele ya video inayopakuliwa.

Simu yako ikikatika kila mara mahali pale pale, andika eneo na saa, umweleze mtoa huduma wako. Asiposhughulikia tatizo hilo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Hiyo ni haki yako.