KUKATWA PESA ZA HOSPITALI: NI HAKI AU NI DHULUMA?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Ndugu mmoja alinionyesha karatasi yake ya mshahara akaniuliza, "Mbona nakatwa pesa za hospitali kila mwezi, nami si mgonjwa?" Nilimjibu upesi upesi, na jibu langu halikufaa. Leo nataka kumjibu sawasawa.

Tangu Oktoba 2024 mtu wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima ya afya, na hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 20,000 hutoa 550. Mwenye 200,000 hutoa 5,500. Katika mfuko wa zamani, ulioanzishwa mwaka 1966, haikuwa hivyo. Tangu 2015 mwenye mshahara wa 100,000 alitoa 1,700, na bwana mkubwa mwenye milioni moja naye 1,700 hiyo hiyo.

Wako wasemao makato kama haya ni dhuluma. Mwalimu mmoja wa Marekani, Robert Nozick, aliandika mwaka 1974 kwamba kutoza kodi jasho la mtu ni sawa na kumtumikisha kwa nguvu. Kumsaidia mgonjwa ni vema, lakini kuwe kwa hiari. Tusimcheke; wazee wetu waliijua kazi ya kulazimishwa. Lakini hiari nayo tunaijua. Ni ile harambee ya bili ya hospitali: mwenye jamaa wengi hutoka wodini, asiye na mtu hubaki.

Mwenzake, John Rawls, alifundisha namna nyingine mwaka 1971. Alisema, fikiri unatunga sheria za nchi nawe hujui utakuwa nani humo: meneja au mfagiaji, mzima au mwenye figo mbovu. Ungekubali sheria gani? Mimi nadhani hapo ndipo jibu la ndugu yetu lilipo. Hakatwi kwa sababu ni mgonjwa. Anakatwa kwa sababu hakuna ajuaye zamu ni ya nani.

Kuna na fikira ya tatu, ya Jeremy Bentham wa Uingereza: faida kubwa kwa watu wengi. Pesa za kumsafisha damu mgonjwa mmoja wa figo mara mbili kila wiki, mwaka mzima, zingeweza kuchanja watoto wengi sana. Hesabu hiyo ni kali, na mwenye mgonjwa nyumbani haitaki kuisikia. Hata hivyo kila Waziri wa Afya huifanya, akisema asiseme.

Na ile njia ya kila mtu kulipa mlangoni tuliijaribu. Mwishoni mwa 1989 hospitali za Serikali zilianza kutoza ada. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, wanaume waliokuja kila mwezi walishuka hadi kama asilimia 40 ya idadi ya kwanza, na wanawake hadi 65. Ugonjwa haukupungua, ndugu. Waliopungua ni watu waliotibiwa, na waliobaki nyumbani waliwaambukiza wengine, hata wale wenye pesa.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa chama. Ujerumani ilipoanza bima ya wagonjwa mwaka 1883, mfanyakazi alilipa mafungu mawili na mwajiri fungu moja. Siku hizi hugawana nusu kwa nusu. Kwetu sheria inamtaka mwajiri akate pesa zetu na kuzipeleka. Haimtaki aongeze hata senti moja yake. Lakini mgongo unaouma uliumia kiwandani mwake, na mtu akipona hurudi kazini kwake.

Nimemwomba Bwana Katibu aliandike jambo hilo katika madai yatakayopelekwa kwa waajiri. Wenye maswali waulize sasa, kabla hatujaingia katika habari ya marupurupu ya nyumba.