Kuibuka Pole Pole
(Hotuba kwa wanachama, Changamwe)



Mimi ni mtu wa reli, si mzamiaji. Lakini vijana wetu wengine huitwa kuzama kwa mshahara, nao ndio nisemao nao.

Mnakumbuka Septemba 2019, gari lilipotumbukia Likoni kutoka feri ya Harambee, mama na bintiye wamo ndani. Siku 13 watu walinung'unika ukingoni: wazamiaji wangoja nini? Hata mimi nilinung'unika. Kumbe gari lilikuwa mita 58 chini. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Huko mtu huvuta hewa iliyobanwa karibu mara 7, na sehemu yake iitwayo naitrojeni huingia katika damu na nyama. Fungua chupa ya soda kwa ghafula uone. Ndivyo iwavyo damu mtu akiibuka mbio: mapovu hushika viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Wengine hupooza, wengine hufa.

Vibarua waliyaonja mapema. Huko New York, wakijenga daraja la Brooklyn, walichimba chini ya mto ndani ya sanduku kubwa lililojazwa hewa ya kubanwa. Walipotoka walipindana kwa maumivu. Mwaka 1872 waligoma, wakidai dola 3 kwa kazi ya saa 4. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, naye ugonjwa ulimwangusha. Mwaka 1908 Haldane wa Uingereza alitoa jedwali la kuibuka kwa vituo, baada ya kujaribu kwa mbuzi (maskini mbuzi!). Sisi wa reli twaelewa: gari la abiria halirukii steshini.

Basi, kijana, usizuie pumzi ukiibuka na mtungi, mapafu yatapasuka. Usipande ndege siku hiyo. Bega likiuma au mguu ukifa ganzi, usiseme ni baridi wala shetani, wala usizame tena ujitibu. Taka oksijeni, nenda hospitali, mwambie daktari ulizama mita ngapi, dakika ngapi. Tiba yenyewe ni chumba maalum cha hewa ya kubanwa.

Tajiri akisema "upesi, upesi", mwulize jedwali li wapi. Ukiugua, iandikwe siku ile ile, maana sheria ya fidia ya mwaka 2007 yahesabu pia maradhi yatokanayo na kazi. Asiyejua kuandika barua hiyo amwone katibu wa tawi jioni, baada ya zamu.