Je, Majaribio ya Fizikia ya Chembe Yanaweza Kuangamiza Ulimwengu? Ushahidi Uliopo na Namna Tunavyoufikisha kwa Wanafunzi wa Pwani ya Lindi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa sayansi wa shule za sekondari, Kilwa Masoko



Waandaaji wameniomba nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmeshaulizwa darasani: je, mashine ya kugonganisha chembe iliyoko karibu na Geneva inaweza kuimeza dunia? Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Nitakayosema ni maoni yangu na yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yoyote.

Maelezo ya msingi

Hapa sitakawia, kwa kuwa haya mnayafundisha. Atomu ina kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni zinazokizunguka. Ndani ya protoni mna kwaki. Ili kuzichunguza, wanafizikia huharakisha protoni hadi zikaribie kasi ya mwanga, wakazigonganisha na kupima kinachotoka. Mashine hiyo, ya kituo cha utafiti cha CERN, imo katika handaki la duara lenye mzingo wa kilomita 27, takriban mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Iliwashwa mara ya kwanza 10 Septemba 2008, na tangu 5 Julai 2022 migongano yake hufikia elektronivolti trilioni 13.6. Namba inatisha kwa masikio, lakini elektronivolti trilioni moja ni kama nishati ya mbu anayeruka. Upekee wake ni kwamba imebanwa katika nafasi ndogo mno kuliko atomu.

Hofu zilizowahi kuandikwa ni tatu. Ya kwanza ni kutokea kwa shimo jeusi dogo litakalokua. Ya pili ni chembe za ajabu ziitwazo strenjileti, ambazo zingegeuza maada yote inayozigusa. Hii ilizungumzwa sana mwaka 1999, kabla ya mashine ya Brookhaven nchini Marekani kuanza kazi. Ya tatu ndiyo inayougusa ulimwengu mzima: kwamba ombwe la anga halijatulia katika hali yake ya mwisho, na mgongano mkali unaweza kulisukuma liporomoke. Piet Hut na Martin Rees waliijadili mwaka 1983. Mwaka 2008 Walter Wagner na Luis Sancho walifungua kesi Hawaii wakitaka mashine ya CERN izuiwe. Mahakama iliitupa.

Kuuliza hivi hakumfanyi mtu mjinga. Kabla ya bomu la kwanza la nyuklia kulipuliwa New Mexico 16 Julai 1945, Edward Teller na wenzake waliuliza iwapo mlipuko ungeweza kuwasha hewa yote ya dunia. Walikaa wakapiga hesabu, wakaona haiwezekani.

Kwa nini jibu langu ni hapana

Sababu inaanzia angani. Mwaka 1912 mwanafizikia Victor Hess alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vya umeme, akagundua kuwa mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Ilikuwa inatoka juu. Leo tunaiita mionzi ya kosmiki. Hapa tulipokaa, usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba hupitiwa na chembe moja hivi kila dakika. Fungua kiganja: kwa dakika moja chembe kama mia zimeshakipita.

Baadhi ya miale inayoipiga hewa ya juu ina nishati inayoiacha mbali mashine ya CERN. Ile iliyonaswa Utah, Marekani, 15 Oktoba 1991, ilikuwa na elektronivolti 300,000,000,000,000,000,000 hivi. Ukipiga hesabu ya mgongano wenyewe kati ya mwale huo na kiini cha hewa iliyotulia, bado unazidi wa Geneva zaidi ya mara 50. Kamati ya usalama ya CERN ilikadiria mwaka 2008 kuwa anga imeshafanya hapa duniani majaribio kama hayo yote takriban mara 100,000.

Sisi wa Lindi tunao ushahidi nyumbani. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Wachimbaji wetu, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, waliifukua kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba, zaidi ya tani 200, hadi bandari ya Lindi ikapelekwa Berlin. Muda wote ule ilipokuwa ardhini, mvua ya mionzi haikukatika, na udongo uliendelea kutulia tabaka juu ya tabaka. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa, ambao wanajiolojia wameuchimba kwa mashine za kutoboa wakatoa visukuku vidogo vya bahari vilivyohifadhika vizuri ajabu, unavuka kipindi cha miaka milioni 34 iliyopita. Viumbe wengi walitoweka wakati huo kwa sababu ya kupoa kwa dunia. Sayari ilibaki.

Lakini mwalimu makini asiishie hapo, kwa sababu hoja hiyo ina matobo mawili. Max Tegmark na Nick Bostrom walionyesha mwaka 2005 kuwa kunusurika kwetu peke yake ni ushahidi dhaifu: dunia ambayo ingeangamia isingekuwa na mtu wa kuuliza. Tobo la pili ni kwamba chembe inayozalishwa na mwale wa kosmiki hukimbia na kuipita dunia, ilhali ile ya mashine ingeweza kuwa ya polepole ikanasa. Kwa hiyo Steven Giddings na Michelangelo Mangano walielekeza macho mbali, kwenye nyota kibete nyeupe na nyota za nyutroni, ambazo zimeshindiliwa kiasi cha kuinasa chembe yoyote ya aina hiyo. Nyota hizo zinapigwa na mionzi ileile, zina umri mkubwa sana, na bado tunaziona. Kuhusu ombwe, Hut na Rees wenyewe walikwisha kusema kuwa migongano ya mionzi ya kosmiki imezidi chochote ambacho mashine zetu zingefikia.

Toby Ord na wenzake waliongeza angalizo ninaloliheshimu: anayekwambia hatari ni ndogo mno, pima pia uwezekano kwamba hesabu yake ina kosa. Ndiyo maana nathamini kuwa na hoja kadhaa zisizotegemeana.

Tatizo lenyewe

Ndugu Mwenyekiti, naomba uniruhusu nikae hapa kuliko kwingine kote. Hatari ninayoiona haiko Geneva. Iko katika jibu tulilozoea kulitoa: “Wataalamu wamethibitisha, msiwe na wasiwasi.” Nimepambana na jibu hili kwa miaka, ofisini, kwenye mikutano ya vijiji na shuleni, na naona linaota mizizi.

Mwanafunzi wa Kivinje anaona kwenye simu video inayosema mashine ile inafungua lango la Yajuji na Majuji. Video iko kwa Kiswahili fasaha. Majibu yamekaa kwenye ripoti za Kiingereza zenye milinganyo. Anakuja kwa mwalimu, naye anamwambia wataalamu wameshasema. Kwa mtoto yule, huo ni uvumi wa pili tu, tena usio na picha. Imani yake haina kosa; aliyesoma madrasa anajua kuwa elimu ya Saa ya Kiyama iko kwa Mwenyezi Mungu, na anaweza kuikataa video inayomtajia tarehe. Anachokosa ni kipimo cha kushika mkononi.

Nasi hatuna. Shule nyingi zina elektroskopu ya jani, chombo cha jamii moja na vile alivyopanda navyo Hess angani. Ukiichaji, jani linashuka taratibu lenyewe. Lakini kwa pwani yetu unyevu huiondoa chaji haraka kuliko mionzi, na mwalimu anayesema “tazameni mionzi ya kosmiki” anawadanganya bila kujua. Kinachofaa ni kihesabu cha Geiger kinacholia kila chembe inapopita. Niliwahi kuomba kimoja katika ofisi moja, kwa maonyesho ya siku moja. Jibu la maandishi lilisema wananchi wasitiwe hofu kuhusu mionzi. Barua ile ilinihuzunisha, maana hofu ilikuwa tayari ipo, na dawa yake ndiyo iliyokataliwa.

Linganisheni na Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo: kimbunga kiko umbali gani kutoka pwani, upepo una kasi gani, kinaelekea wapi. Mvuvi wa Kilwa aliweza kulinganisha taarifa na bahari aliyoiona. Barabara ilikatika Somanga, hasara ikawa kubwa, lakini sikusikia mtu akisema alifichwa. CERN nao, siku tisa tu baada ya kuiwasha mashine, kiungo cha umeme kiliungua, tani kadhaa za heli zikavuja na kazi ikasimama zaidi ya mwaka. Walitangaza kiungo kipi na kwa nini. Taarifa ile ilinishawishi kuliko kauli zao za kutuliza watu.

Swali la usalama litarudi kwetu kwa sura nyingine. Mradi wa gesi asilia kimiminika wa Likong’o utaleta tathmini, na tathmini italeta mikutano. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaokaa kwenye viti vya mikutano ile.

Mapendekezo

Kwanza, mwalimu asilijibu swali la usalama kwa jina la mtaalamu pekee. Ataje kipimo na ataje udhaifu wa hoja, kama nilivyofanya kwa Tendaguru. Pili, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipeleke vihesabu vya Geiger katika shule za Kilwa na Lindi, hata kwa zamu, vikiambatana na mtu wa kuvieleza. Tatu, maelezo ya usalama wa majaribio haya yaandikwe kwa Kiswahili na yachapishwe kwa karatasi, kwa kuwa si kila shule ina intaneti ya kutegemea. Nne, mada ya mionzi ifundishwe kwa vitendo, na unyevu wa pwani uzingatiwe wakati wa kuagiza vifaa. Tano, walimu wa fizikia na jiografia wawapeleke wanafunzi Tendaguru na kwenye miamba ya Kilwa, wakaone umri wa ardhi yao. Sita, wakurugenzi wa halmashauri watenge fungu la ziara hizo. Saba, muhtasari wa Kiswahili wa kila tathmini ya mradi mkubwa upelekwe pia kwenye maktaba za shule jirani. Nane, na hapa narudia kwa makusudi, taarifa ya usalama isiyoonyesha hesabu yake irudishwe kwa aliyeiandika.

Naomba maazimio ya semina hii yataje vihesabu vya Geiger kwa jina, yataje ofisi itakayohusika na tarehe ya kujibu, na nakala ibaki kwa Afisa Elimu Sekondari wa Kilwa kabla hatujaondoka hapa Masoko.