Saa 72 Haziwasubiri Wazee: Matibabu ya Manusura wa Ubakaji Kiogoro



Tuchukulie msichana amebakwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akitoka mtoni. Usiku huo mama analia naye jikoni. Jumamosi ni Sabato. Kwa familia nyingi hapa hakuna kikao. Jumapili wazee wanakutana na jamaa za kijana aliyembaka. Jumatatu wanarudi kujadili fidia. Ikifika saa kumi na mbili jioni, saa 72 zimekwisha, na PEP, dawa ya kumkinga na Virusi vya Ukimwi, haitolewi tena. Hakuna mzee aliyekusudia kumdhuru, ila kikao kimemnyima kinga.

Hoja yangu ni hiyo moja. Manusura akitoka nyumbani, aende hospitali kwanza, kabla ya kwa chifu na hata kabla ya polisi. Matibabu hayangoji namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Najua kinachotuchelewesha. Sisi Abagusii tumelelewa katika chinsoni, ile staha inayomzuia baba kutamka mambo ya mwili mbele ya bintiye. Siidharau. Lakini mila hiyo hiyo ilituachia mlango: nyanya. Mjukuu humwambia nyanya yake asiloweza kumwambia mama. Basi nyanya, ukiambiwa, usimwulize alivaa nini wala alifuata nini huko. Mwambie unamwamini, kisha mtoke pamoja. Na mjukuu huyo anaweza kuwa mvulana. Wavulana wanabakwa pia, nao hunyamaza zaidi.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii haiko mbali nasi. Manusura asioge kabla ya kwenda, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa kwenye plastiki hushika unyevu na ushahidi huharibika. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Atapimwa, ataanzishiwa PEP, ambayo humezwa kila siku kwa siku 28, na mapema ni bora: saa ya pili ina faida zaidi kuliko ya sabini. Atapewa dawa ya kuzuia mimba, ambayo husaidia hadi siku ya tano, dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo hata aliyechelewa kupata PEP asikae nyumbani. Vidonge vya PEP huweza kuleta kichefuchefu, na wengi huviacha katikati. Hapo ndipo mhudumu wa afya wa kijiji anapohitajika, apite kumjulia hali bila kutangaza alikokwenda. Mshauri nasaha naye ni sehemu ya matibabu. Usingizi uliopotea na woga wa kupita njia ile ni majeraha.

Mhudumu wa hospitali atajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na nakala moja ni ya manusura. Aitunze. Fomu ya P3, ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, itafuata akienda kituoni. Kanuni za mwaka 2012 za matibabu ya manusura zinampa haki ya kutibiwa bure katika hospitali ya umma.

Kuhusu fidia nitasema wazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haikuwaachia wazee wala wazazi uamuzi wa kusitisha kesi. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ng'ombe anayepokelewa kwa ajili ya mtoto aliyenajisiwa hafuti kosa, na mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kusemwa aliridhia.

Vijana wa boda boda, mkiamshwa usiku kwa jambo hili, mbebeni mgonjwa kwanza, nauli mtaizungumza kesho. Asiye na wa kumwamsha apige 1195, nambari ya msaada kwa manusura. Haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.