Juu ya Mtu Achukiaye Wanadamu



Tumeombwa tuseme machache juu ya mtu achukiaye wanadamu. Huyo si mgeni katika afisi zetu. Kila jioni twamsikia akifunga majalada yake na kusema, "Watu wa wilaya hii hawafai." Twamwuliza: katika hesabu hiyo, nawe umo?

Tutazame wizi wa ng'ombe, ambao Tarime na Serengeti zaujua tangu zamani. Hapo kale kijana wa Kikurya aliyeteka ng'ombe wa Wamasai alisifiwa kwao. Baadaye koo za Wakurya zikaibiana zenyewe, na ng'ombe wakavushwa mpaka wakauzwe Kenya. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zikazidi, na wizi ukawa wa kumwaga damu. Aliyeibiwa humwita mwizi nyoka. Lakini mahari ikiletwa kwa ng'ombe wasiojulikana walikotoka, baba wa binti haulizi. Na mwuza nyama hutazama unono, hatazami alama. Wote huchukia wizi. Wachache huchukia ng'ombe wa bei nafuu.

Je, tukate tamaa? Wazee wa Wakurya hawakukata. Walikuwa na iritongo, yaani baraza la wazi, ambapo mwenye kushukiwa hujibu mbele ya majirani zake. Baraza hilo si la watu waliodhani kwamba wenzao ni malaika. Ni la watu waliojua kwamba sivyo. Sungusungu, walioanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, walipoingia Tarime miaka ya 1990 walijengwa juu ya desturi hiyo. Nao pia wakalaumiwa kwa mapigo. Mlinzi naye alihitaji mlinzi.

Ndiyo sababu stakabadhi huandikwa kwa nakala, na fedha huhesabiwa na watu wawili. Hapo hatukanwi mtu. Yasemwa tu kwamba karani naye ni mwanadamu. Kuwashuku watu kwaweza kuwa busara, iwapo mtu aanza na nafsi yake. Bali ajitoaye katika hesabu huacha kusikiliza, na mwenye haki hushinda mlangoni pake akidhaniwa mwongo. Nyani haoni kundule.

Basi, ndugu, mtu wa shamba ajapo kesho kushtaki kwamba ng'ombe wake wameibiwa, tuandike maneno yake yote, tuyapime, na tumpe jibu kabla jua halijatua.