VIJANA WETU WAFUNDISHWE KUANDIKA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazazi, Tunduma



Kila mwaka mkoa wetu wa Songwe hupeleka vijana vyuoni. Huko Ileje, Momba, Mbozi na hapa mpakani, mzazi huuza kahawa, mahindi, hata ng'ombe, ili mtoto apande basi kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Twajivunia. Lakini kijana huyo akifika chuoni hutakiwa kuandika, na kuandika hakufundishwa.

Alichofundishwa ni kukariri. Miaka saba alisoma kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, naye akaona salama yake ni kumeza maneno ya mwalimu na kuyatapika siku ya mtihani. Chuoni ndipo anapoambiwa, "Toa hoja yako." Ataitoa wapi? Hutafuta madesa, hunakili, na mwishowe huitwa mwizi.

Hatusemi kwamba vyuo vimelala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, na vyuo vingi leo vina somo la namna hiyo katika mwaka wa kwanza. Shida ni wingi wa watu darasani. Tupige hesabu. Tuseme mwalimu ana wanafunzi 300, na kila mmoja ameandika kurasa mbili kwa juma. Akiisoma kila kazi kwa dakika 10 tu, hizo ni saa 50, na bado hajasimama mbele ya darasa. Hawezi. Basi hutunga mtihani wa kuchagua herufi, na kijana hufaulu somo la kuandika bila ya kuandika!

Wakiwa 15, kazi ile ile ni saa mbili na nusu.

Wapo watakaosema semina ndogo ni anasa ya Marekani. Twawauliza: Chuo chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, wanafunzi wa kwanza wa sheria walikuwa wangapi? Hawakufika 15. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Na kama ni suala la walimu, mzigo huu usitupiwe walimu wa lugha peke yao. Huko Cornell, Marekani, semina za kuandika za mwaka wa kwanza hufundishwa na walimu wa idara nyingi. Mwalimu wa historia, wa kilimo, wa uhasibu, kila mmoja achukue kundi moja.

Semina yenyewe iweje? Ianze na swali ambalo kijana ana la kulisema. Hapa kwetu swali liko barabarani: Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019, je, foleni ya malori imepungua, na kama haikupungua, kwa nini? Juma la kwanza azungumze na madereva, mawakala wa forodha na mama lishe, aandike ukurasa mmoja wa aliyoyasikia. Juma la pili asome sheria ya forodha, aone wapi inapingana na dereva. Juma la tatu aandike hoja yake, mwenzake aisome kwa sauti, mwalimu aandike pembeni: "Umejuaje?" Kisha airudie. Kurudia ndiko tunakokusisitiza kuliko yote, kwani karatasi inayorudi na alama tu huishia kufungia vitumbua.

Rasimu ya kwanza iruhusiwe kwa Kiswahili. Tunajua wapo watakaotupinga, hata ndani ya ukumbi huu. Lakini mtu anayetafuta wazo na neno la kigeni kwa wakati mmoja hupoteza vyote viwili. Wazo likisimama, Kiingereza kitafuata.

Hatuna amri juu ya vyuo. Lakini kidato cha sita humaliza mtihani mwezi Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi hiyo vijana wetu huipoteza vijiweni. Twaomba walimu wanne wa sekondari wajitolee Jumamosi nane, kila mmoja na vijana 15. Majina yaandikwe leo kwa katibu kabla hatujatawanyika. Kila kijana aje na daftari moja na kalamu; simu azime mlangoni.