Miti ya kukata na miti ya kuacha

Fungueni pamoja nasi Kumbukumbu la Torati, mlango wa 20, mistari ya 19 na 20.

Tuangalie kwanza Neno hili liliambiwa nani. Liliambiwa jeshi. Mji umezungukwa, vita ni virefu, mashoka yako mikononi. Hapo ndipo Mungu anasema habari ya miti. Anauliza kama mti wa shamba ni adui wa kupigwa vita. Mti unaolisha watu, anaamuru uachwe. Mti usiolisha, anaruhusu ukatwe. Basi Mungu hakukataza shoka, bali aliliwekea mpaka. Na mpaka huo aliuweka wakati wa vita, ili mtu asiseme: “Tungoje amani kwanza.”

Sisi wa Goma tunajua vita, na tunajua shoka. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi Mugunga, Kibumba na kwingine kandokando ya Parki ya Virunga, wakapikia miti yake. Tangu hapo vita vimefuatana, na kila mara watu wanaokimbia wanafika na sufuria tupu. Mama huyo anayetafuta kuni si adui wa msitu. Bwana Yesu mwenyewe aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya moto wa makaa (Yohana 21:9). Mungu anajua kwamba chakula kinahitaji moto.

Lakini msitu nao unalisha. Parki yetu iliundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Miti ya milimani inakamata ukungu na mvua, majani yaliyooza chini yake yanashika maji, mizizi inashika udongo usishuke. Mkulima wa Rutshuru anavuna maharagwe kwa sababu mlima ulio juu yake bado una miti. Hatutafuni majani yake, lakini tunakula kwa ajili yake.

Tena msitu huo hauna haraka. Tazameni mawe ya volkano yaliyoshuka mwaka 2002 na 2021. Jiwe linavaa kwanza ukoga wa kijivu, kisha mimea midogo inashika katika nyufa, kisha vichaka. Mti mkubwa unangoja udongo, na udongo unangoja miaka mingi. Tanuru la makala linamaliza kazi hiyo kwa siku chache. Mara nyingi kilo saba hadi kumi za kuni zinatoa kilo moja tu ya makala. Na walinzi wa Parki zaidi ya 200 wameuawa kazini, wakaacha wajane na yatima.

Basi, miti ya kukata iko wapi? Ayubu 14:7 inatuambia kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka. Mkaratusi uko hivyo. Ukikatwa ukiwa na miaka sita au saba, kisiki kinatoa machipukizi mengi. Mkulima anaacha mawili yenye nguvu, anaondoa mengine, na baada ya miaka michache anavuna tena bila kupanda upya. Tangu mwaka 2007, WWF na vyama vya wakulima wa Kivu ya Kaskazini wamepanda maelfu ya hekta katika mradi wa EcoMakala. Hiyo ndiyo miti ya chukudu, ya mbao na ya makala. Ipandwe mbali na chemchemi, kwa maana inakunywa maji mengi.

Ila kuchipuka kusitudanganye. Huko California, Marekani, kuna miti iitwayo redwood, mingine inapita mita 100, na visiki vyake huchipuka vilevile. Watu waliikata hata msitu wa kale uliobaki ni kama asilimia tano tu. Machipukizi yapo, lakini mti wa miaka elfu haurudi katika maisha ya mtu mmoja.

Tufanye nini, wapendwa? Kanisa lenye shamba lipande miti ya kukata mwaka huu, vita viwepo au visiwepo. Akina mama, tuloweke maharagwe usiku kucha, tufunike sufuria, tutumie mbabula inayokula makala kidogo. Mwenye kuuza makala aulize yametoka wapi, na mwenye kununua aulize vilevile. Aliyefikiwa na umeme wa Matebe, na ana uwezo, apikie umeme. Gunia aliloliacha limpunguzie bei mama wa kambini.

Tuombe. Ee Bwana, umetupa moto wa kupikia na mlima wa kutunywesha. Utupe hekima ya kujua mti wa kukata na mti wa kuacha. Uwafariji wajane wa walinzi, uwarudishe makwao waliokimbia, na wakirudi wakute mlima wao bado una miti. Katika jina la Yesu. Amina.